Maiti Aliyekaa Kitako

Jumatatu, 7 Julai

Kiswere tumepata mgeni. Dokta Scholastica, mtafiti wa makaburi ya kale. Katukusanya shuleni, katuonyesha picha za milima ya Andes, huko Peru, alikofanya utafiti miaka mingi. Watu wa kale wa kule walikuwa na mambo! Wengine walimzika mtu amekaa kitako, magoti kidevuni, kaviringishiwa nguo juu ya nguo, kafungwa kamba kama mzigo wa safari. Pembeni chungu na mahindi. Wafalme wao ndiyo usiseme: siku ya sherehe wanatolewa nje, wanavishwa upya, wananyweshwa pombe. Na wamekufa! Bi Samia, nyuma yangu, akasema bora hao, yeye yu hai na hakuna anayemnunulia hata doti moja ya kanga.

Sasa Dokta anataka kujua watu wa kale wa pwani yetu walizikana vipi. Alhamisi atachagua shamba moja la kuchimba, na mwenye shamba atakuwa msimamizi. Msimamizi! Jirani yangu Mudathiri kashaanza kutembea kifua mbele, eti shambani kwake kuna kaburi la mawe. Mimi nina mikorosho tu.

Mke wangu Fauzia kasema nisipopata kazi ya maana wiki hii, Jumamosi kaka yake Hussen anakuja kumchukua, anarudi kwao Milola. Hakupiga kelele. Ndiyo maana nimeogopa.

Jumanne, 8 Julai

Akili ninazo, watu hawajui tu. Dokta anapenda maiti waliokaa? Atampata! Mifupa ya mbuzi nimeiokota nyuma ya bucha. Kichwa, nazi kavu. Nikaviringisha gunia, juu yake kanga kuukuu niliyoikuta chini kabisa ya sanduku, nikakaza na kamba ya usumba wa nazi. Kakaa kitako, masikini, mpaka nikamwonea huruma. Mchana, watu wamejilaza, nikamfukia chini ya mkorosho, chungu cha mahindi ubavuni. Nikamwelekeza kibla bila kufikiri. Mazoea.

Alhamisi nitalima mbele ya Dokta, na jembe litagonga kitu. Watu wa Andes walifika Kiswere! Mudathiri abaki na mawe yake.

Jumatano, 9 Julai

Yarabi, siku gani hii. Mudathiri hajui kutulia kwake. Kaja kuchungulia shamba langu, kaona udongo mbichi, kafukua, kaona nguo na mfupa uliochomoza. Mayowe! Sijavaa hata kandambili, kijiji kizima kimefika. Nikasema tumsubiri Dokta, huyu ni mtu wa Andes. Shehe Ridhiwani akajibu kwamba wa Andes naye ni mja wa Mungu, na maiti hasubirishwi.

Hakuna aliyethubutu kumfungua, kwa kumstahi. Vijana wakaenda kuchimba kaburi. Wanawake wakabandika wali uani kwangu. Watu wakanipa mkono wa pole, maana maiti katokea kwangu na msiba ni wangu. Niseme nini? Nikapokea. Nikalia kidogo. Jeneza likaletwa, nikashika mbele. Jepesi! Wazee wakasema marehemu alikuwa mtu mwema.

Ndipo Fauzia akaja kutoka jikoni, akachungulia jeneza, akapiga ukelele. Kanga yake! Ile aliyojitanda siku ya harusi yetu, ina alama ya pasi pembeni! Mtendaji wa kijiji akaniuliza, taratibu kabisa: Kibwana, umemuua nani?

Nikaapa kuwa ni mbuzi. Nani aniamini? Dokta akaitwa, akafungua kamba, nazi ikabingirika mpaka miguuni kwa Shehe. Akainua mfupa, akathibitisha: mbuzi, tena wa juzi juzi. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Shehe hakucheka. Fauzia naye hakucheka. Wali ukaliwa, mimi nikaachiwa masufuria ya kuosha.

Alhamisi, 10 Julai

Mudathiri ndiye msimamizi. Nimemwomba Dokta japo kazi ya kubeba ndoo za udongo. Kajibu kwa upole kwamba mimi na udongo tukae mbalimbali.

Jumamosi, 12 Julai

Hussen kaja na pikipiki. Nimemsihi Fauzia mbele za watu, aibu nimeweka kando. Kasema kwa mbuzi angenisamehe, kwa kazi angenivumilia. Lakini kanga ile alipewa na marehemu mama yake, nami nimefungia mifupa bila hata kumuuliza. Kaondoka kajitanda hiyo hiyo, kaifua. Nyumba imepoa. Leo nimelia kweli, si kama Jumatano.

Jumapili, 13 Julai

Nimetafakari. Kosa langu nimeliona: maiti hakuwa na jina! Kama asiyejulikana alijaza kijiji, je, anayejulikana? Na Fauzia hajawahi kukosa msiba tangu nimjue. Nimeoga, nimetandika mkeka, pamba za puani ziko tayari. Kisha nikachukua simu yangu, nikamwandikia Hussen kwamba Kibwana amefariki ghafla asubuhi hii, amlete Fauzia haraka.

Kajibu papo hapo: Pole sana, shemeji.

Kajuaje kuwa ni mimi? Lazima Mudathiri kamwambia.