Wiki Yangu na Rimu Nne za Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4

Gari la Baba mkwe ni langu kwa wiki nzima! Macho yanamsumbua, hawezi kuendesha tena. Kasema atampa mmoja wetu, sisi wakwe zake wawili, yule atakayelitunza vizuri. Wiki iliyopita alikuwa nalo mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Kalirudisha linang'aa, kaweka na manukato ndani. Mtu wa kujipendekeza! Baba kaenda kwa dada yake, anarudi Jumapili.

Saa nne nikampeleka Mama mkwe hospitali, goti lake. Mbele ya duka la dawa watu wamekaa kwenye benchi, wanatazama. Nikasema niwaonyeshe kuegesha kwa mkupuo mmoja. Kraaa! Gurudumu la mbele limekwangua ukingo wa zege. Mama akauliza ni sauti gani ile. Nikasema ni barabara mbovu. Akasema barabara hii kaipita miaka thelathini, haijawahi kumpigia kelele.

Rimu imeliwa kama biskuti iliyopitiwa na panya.

Jumanne, tarehe 5

Nimekwenda kwa fundi wa rimu. Wanamwita Kioo, maana akimaliza kazi unajiona uso. Akaangalia, akaguna. Akaeleza: tairi linatolewa, rimu inapigwa msasa, mashimo yanazibwa kwa puti, msasa tena, rangi ya chini, rangi ya juu, vanishi, kisha ikauke. Siku mbili. Siku mbili kwa mkwaruzo wa kiganja! Mafundi kwa kukuza mambo hawajambo.

Nimenunua msasa, puti na kopo la rangi ya fedha ya kupuliza. Nikafunika tairi kwa magazeti, nikafanya kazi uani. Saa mbili tu, kwisha! Mke wangu akatoka na beseni la nguo, akasimama. Akauliza mbona gurudumu moja linakwenda harusini na matatu yanabaki nyumbani.

Jumatano, tarehe 6

Inaniuma kukiri, lakini kasema kweli. Yale matatu yamechakaa. Dawa ni kupaka yote manne.

Kitu cha ajabu. Kwenye kila rimu, karibu na mdomo wa kujazia upepo, kuna mistari mitatu midogo iliyochorwa kwa msumari. Watu wana roho mbaya! Nimeisugua yote mpaka ikatoka. Hata ile niliyoipaka jana nimeikagua, mistari yake nikaifuta. Baba atanishukuru.

Mwanyumba kapita jioni, eti anamsalimu shemeji yake. Kalizunguka gari, mikono nyuma. Kauliza kama nimenunua rimu mpya. Nikasema nimeziosha tu, wengine hawajui kuosha. Akatabasamu. Silipendi tabasamu lile.

Ijumaa, tarehe 8

Balaa. Rangi inabanduka. Kumbe nimepuliza juu ya grisi na vumbi la breki, sikuosha kwanza. Gurudumu la nyuma linamenyeka kama kitunguu. Nikanywea, nikarudi kwa Kioo asubuhi na zote nne. Akacheka mpaka akakalia tairi. Kasema zitakuwa tayari kesho jioni. Nikamsihi asimwambie mtu kilichotokea. Akaahidi. Yeye anatengeneza rimu, kasema, hatangazi habari.

Jumapili, tarehe 10

Kazi ya Kioo usiseme. Rimu kama zimetoka kiwandani leo. Nikamrudishia Baba ufunguo, nikasimama kando ya gari na shati langu la pasi, nasubiri anikabidhi uwe wangu.

Baba hakutazama. Akainama, akapapasa kwa kidole gumba karibu na mdomo wa upepo, gurudumu moja baada ya jingine. La nne akalipapasa mara mbili.

"Hizi si rimu zangu," akasema.

Kumbe ile mistari aliichora mwenyewe mwaka alionunua gari, ili fundi asije akambadilishia! Akauliza gari lilipita kwa nani. Mdomo wangu huu! Ukasema: kwa Kioo. Mwanyumba, naye alikuwa amekuja kumpokea Baba, hapohapo akajitolea kumpeleka huko kesho. Ningeweza kusema kweli pale pale. Sikusema. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Baba, hatua mbili kutoka kwangu.

Jumatatu, tarehe 11

Tumekwenda watatu. Baba akamwita Kioo mwizi mbele ya wateja. Mama mmoja aliyekuwa ameleta gari akageuka, akaondoka nalo. Kioo hakujitetea. Alinitazama mimi tu. Kumbe anashika ahadi yake, na kazi yake inamponyoka mbele ya macho yake! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Baba, ni mimi," nikasema. Nikaeleza yote: benchi, ukingo, msasa, kila kitu.

Baba akamwomba Kioo radhi, akamshika mikono yote miwili. Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, mkwaruzo mimi hata siuoni. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ukweli wa gari langu."

Ufunguo akampa mwanyumba. Nimerudi nyumbani kwa miguu, roho inaniuma kweli. Nimeapa: kuficha ficha basi, maisha yangu yote.

Jumatano, tarehe 13

Mwanyumba kaja mchana, jasho linamtoka, gari kaliacha kona ya pili. Kakwangua rimu kwenye ukingo wa sokoni. Si moja, mbili! Kanishika mkono, kaniita ndugu yake, kaniomba nimsitiri. Nikataka kumwambia aende kwa Baba akaseme mwenyewe. Lakini mtu akikuomba kwa unyenyekevu namna ile, utamkatalia vipi? Halafu mimi sasa ni mzoefu. Kosa langu lilikuwa grisi tu.

Nimemwambia alete gari kesho asubuhi, Baba akiwa kwa daktari wa macho. Safari hii nitaosha kwanza kwa sabuni. Hatajua kitu.