Dalali wa Kipaumbele Sifuri

Keinan alinusa riziki mara tu aliposikia mwanamke akiitukana kompyuta. Alikuwa hotelini Garissa, chai mkononi. Meza ya pili alikaa Mulki, muuza mbuzi. Wanunuzi wa Nairobi walitaka kumpigia kwa intaneti kupitia jina la tovuti yake, na simu hazikufika. Idd ilikuwa imebaki wiki mbili. Bila simu hizo, mbuzi wake mia mbili wangemla yeye.

"Abaayo, dada yangu, umekosa rekodi ya huduma tu," Keinan akasema. "Simu inaiuliza DNS, lile daftari la anwani za intaneti, Mulki yuko wapi? DNS inajibu, nenda seva fulani, poti fulani. Hujaiandika, kwa hiyo simu zinazurura."

"Na wewe ni nani?"

"Mtaalamu. Nitakuandikia bure, sadaka."

Utaalamu ulikuwa wa kweli. Hiyo sadaka ndiyo ilipaswa kumshtua, lakini mtu mwenye mbuzi mia mbili hashtuki upesi. Mulki akamfungulia paneli ya tovuti.

Keinan akajaza huduma, poti, uzito na seva ya Mulki, kipaumbele kumi. Halafu akaongeza mstari wa pili wenye seva yake mwenyewe, kipaumbele sifuri.

"Hiyo sifuri ya nini?"

"Akiba tu, abaayo. Sifuri si kitu."

Sifuri ilikuwa kila kitu. Katika rekodi hizi namba ndogo hutangulia, na alasiri hiyo simu zote za Mulki zikaingia kwa Keinan.

"Ofisi ya Mulki," akajibu kwa sauti laini.

Aliyepiga alikuwa Issack, mwenye hoteli Nairobi, akitaka mbuzi arobaini. "Mdhamini nani?"

"Mimi, wallahi."

Katika soko letu la mifugo, dalali akisema "mimi" amejitwika mnyama. Akiwa wa wizi, akifa njiani au asipofika, yeye ndiye hubeba hasara. Keinan, aliyekulia mbele ya kompyuta, alidhani ni namna ya kuitikia salamu. Issack akatuma malipo ya awali. Kufikia magharibi Keinan alikuwa amewadhaminia mbuzi wanunuzi watano na kununua viatu.

Kesho yake Mulki, aliyechoka na kimya cha simu, akajipigia mwenyewe kwa simu ya binamu yake. Mwanamume akapokea: "Ofisi ya Mulki."

Mulki akabana pua. "Nataka mbuzi kumi. Mdhamini nani?"

"Mimi, wallahi."

"Mimi nani? Mwana wa nani?"

Kwetu mtu hudanganya umri, hudanganya hata idadi ya wake, lakini ukimuuliza nasaba ulimi unajiendea wenyewe. Keinan akataja baba, akataja babu, akapanda kwa madaha hadi babu wa nane ndipo akashtuka. Alikuwa amechelewa. Mulki aliutambua ukoo wake kwenye babu wa nne, na kwa babu wa sita alikuwa tayari anatafuta namba ya ami wa Keinan.

Asubuhi ami huyo, Mzee Salah, akamleta sokoni akiwa amemshika kola.

"Ulisema wewe ndiye mdhamini?" wazee wakauliza.

"Adeer, ami zangu, nilikuwa nasema tu."

"Ndivyo inavyofanyika. Husemwa tu."

Hukumu ilikuwa fupi. Malipo yote yaende kwa Mulki, naye Keinan awafikishe mbuzi kwa kila mnunuzi aliyemwambia "mimi", halafu awe dalali wa Mulki bila ujira mpaka Idd.

"Basi nifute ile rekodi yangu," Keinan akanong'ona.

"Usiiguse," Mulki akasema. "Unajibu simu vizuri kuliko mimi."

Adhuhuri lori lilitoka Garissa kuelekea Nairobi. Nyuma, katikati ya mbuzi arobaini wa Issack, simu iliita kwa mara ya ishirini.

"Ofisi ya Mulki," Keinan akajibu, huku akivuta mkono wa shati lake kutoka mdomoni mwa beberu. "Ndiyo, mama. Mdhamini ni mimi."