Besi Iliyopotelea Nyuma ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Natangaza rasmi, kwa heshima na taadhima, kwamba kuanzia wiki hii redio ya kiwandani ya gari langu haitazungumza tena na spika zake moja kwa moja. Itapitia kwa katibu.

Katibu mwenyewe ni kijisanduku cheusi, ukubwa wa daftari hili. Kinaitwa prosesa ya sauti. Kinapokea muziki kutoka kwenye redio, kinaupima, kinaunyoosha, ndipo kinauruhusu kwenda kwa spika. Nimebadilishana na mtu wa kwenye simu kwa baiskeli yangu ya mazoezi. Sijutii. Baiskeli ile nilikuwa naitundikia mashati.

Chanzo ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Ana sanduku la besi kwenye buti la gari lake. Akipita, vikombe vyetu vinasogea kabatini. Wiki mbili zilizopita alipanda gari langu, akasikiliza, akasema redio yangu inaimba kama mtu aliyefunikwa na sufuria. Mke wangu akacheka. Hakikuwa kicheko kirefu, lakini mimi ni mkaguzi wa mizani kazini, miaka kumi na tisa sasa. Nilikipima. Kilikuwa kizito.

Kuna pia sababu ya maana zaidi. Mke wangu ni mwalimu wa kwaya ya mtaa. Mimi naimba besi, mstari wa nyuma. Shemeji anaimba teno, mstari wa mbele, kwa kujipendekeza. Tumerekodi wimbo wetu wa mashindano mara mbili, na mwisho wa kupeleka rekodi moja ni Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Tukichaguliwa, tunakwenda kuimba fainali jukwaani. Mke wangu amengoja nafasi hii miaka sita.

Alhamisi atakaa garini kwetu, afunge vioo, achague. Ndivyo anavyofanya siku zote. Anasema garini hakuna wa kumwita Mwalimu. Nimemwahidi kwamba safari hii atasikia mambo ambayo hajawahi kuyasikia.

Jumanne, 4 Machi

Nilipita kwa Fundi Waya, yule mwenye kibanda chini ya ngazi. Akajitolea kunifungia prosesa. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa vipimo. Akaniangalia kama anavyoangalia spika iliyopasuka, kisha akaniachia wosia. Nikitaka kuipima, nitafute mahali pa kimya, nifunge vioo, nizime injini, niweke maikrofoni penye kichwa cha msikilizaji, nami mwenyewe nifunge mdomo.

Sikuandika popote. Mambo ya kitoto.

Nimefungua dashibodi. Skrubu saba zimetoka, tano zimerudi. Nyaya zimeingia kila mahali palipokuwa na tundu. Muziki unatoka! Tatizo ni moja, dogo. Ule mlio wa kukumbusha mkanda, zamani ting-ting ya adabu, sasa unatoka kwa spika zote nne kama kengele ya shule inayoungua. Leo nimefunga mkanda kabla ya kufunga mlango.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nimefungia mizani ya muuza nyama mmoja. Kaiweka mbele ya feni! Upepo unasukuma sahani, mteja analipia hewa. Nilimpa somo refu kwamba kipimo huchukuliwa mahali palipotulia. Sijui watu wengine wana akili gani.

Mchana nimepima prosesa. Nyumbani haikufaa, ni siri, kwa hiyo nikaegesha kwenye uwanja nyuma ya kinyozi. Umeme ulikuwa umekatika na kinyozi kawasha jenereta, lakini jenereta ile tumeizoea. Ukikaa nayo dakika tano huisikii tena. Joto lilikuwa kali, nikashusha vioo. Prosesa ikatoa shhhhh kama mvua juu ya bati, maikrofoni ikasikiliza, namba zikapanda na kushuka. Dakika nne. Tayari!

Nikaweka muziki. Jamani! Sauti nyembamba ziling'aa kama sahani mpya. Besi ilipungua kiasi, nikaona ni ustaarabu wa vyombo vya kisasa.

Jioni, mazoezi ya kwaya. Mke wangu akatwambia kuna kitu kinamsumbua kwenye rekodi ya pili. Pale ambapo kwaya nzima inanyamaza na kuhesabu nne, anahisi kuna mtu wa besi alitangulia. Hana hakika, maana siku ile alikuwa amesimama karibu na soprano. Atasikiliza kesho. Mtu huyo, akipatikana, fainali ataisikia akiwa amekaa na watazamaji.

Nikauliza ni nani huyo anayetaka kutuharibia. Niliuliza kwa sauti kuliko wote.

Ni mimi. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo. Wenzangu walihesabu nne, mimi nikahesabu mbili, nikatoa Ooo peke yangu. Lakini kulikuwa na nzi. Nzi mkubwa. Mtu yeyote angekosea.

Mazoezi yaliyopita yote nilikuwa hodari. Hilo nalo liandikwe.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu alikalia kiti cha dereva. Mimi pembeni, mikono katikati ya magoti, kama mshitakiwa.

Rekodi ya kwanza. Nzuri, ila soprano wanapanda kidogo mwishoni. Akaguna. Rekodi ya pili. Akaacha kuguna. Soprano walikuwa wamepangana juu ya dashibodi, mmoja mmoja, ungeweza kuwapa mkono. Mke wangu akafumba macho. Pakafika pale pa kunyamaza. Nikashika kishikio cha mlango.

Kimya. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuna Ooo. Hakuna hata mbu.

Kwanza nilifurahi. Halafu nikasikiliza vizuri, nikagundua kwamba sipo mimi wala besi mwenzangu yeyote. Wanaume kumi wazima wamefutika! Ndipo nikaikumbuka jenereta. Prosesa ilisikia ule mngurumo, ikadhani ni sauti ya gari langu, ikaushusha, na sisi tukashuka nao.

Mke wangu alikuwa analia. Machozi ya kweli, yanateremka hadi kwenye mkanda. Akasema alimshuku mtu bure, na kwamba ya pili ndiyo itakayokwenda. Akanishika mkono. "Baba watoto, umenifanyia jambo kubwa."

Miaka ishirini na miwili ya ndoa. Mara ya mwisho kuambiwa hivyo nilikuwa nimetoa panya nyuma ya jiko.

Sasa, hali ni hii. Nikisema, nimekwisha, nakaa na watazamaji. Nisiposema, waamuzi watasikiliza kwenye spika zenye besi, na kwaya nzima imekwisha. Suala zito. Nimelitafakari kwa kina.

Nimenyamaza.

Ijumaa, 7 Machi

Adui kaamka mapema. Shemeji alifika tukinywa chai, akamwambia dada yake asitume kitu kabla ya kusikiliza kwenye sanduku lake. Akasema wimbo usiotikisa suruali haujasikika.

Nikasema sanduku lile lina makelele, si sauti. Nikasema tairi lake la nyuma limelegea. Nikasema garini mwake kunanuka samaki. Shemeji akanishukuru kwa kumjali.

Mke wangu akapata wazo. Kesho saa kumi, kwaya yote ikutane kwenye yadi ya ukumbi, shemeji afungue buti, wote wasikie wimbo kabla haujatumwa. Watu thelathini!

Nilimsindikiza shemeji hadi kwenye gari lake, kwa upendo. Alipoinama kulikagua lile tairi, nikachomoa fyuzi ya sanduku la besi. Iko kwenye mfuko wa shati. Ndogo kama punje, lakini imebeba ndoa yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi kamili. Yadi imejaa. Shemeji akafungua buti kwa madaha, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akagonga sanduku kwa kiganja, kama daktari na mgongo wa mgonjwa. Nilisikitika kuliko wote. Nikasema vyombo vikubwa ndivyo vilivyo, havina uvumilivu. Nikainama nimsaidie kuangalia.

Fyuzi ikadondoka kutoka kwenye mfuko wa shati, ikaruka juu ya sanduku mara mbili, ikatulia mbele ya vidole vyake.

"Shemeji," akasema polepole, "hii unatembea nayo kama dawa?"

Nikamwambia nimeiokota. Akauliza wapi. Nikasema hapo hapo. Akairudisha mahali pake, na muziki ukaanza. Suruali yangu ikatikisika, sawasawa na alivyoahidi.

Pakafika pale pa kunyamaza.

Ooooo!

Peke yangu. Refu, nene, la mtu anayejiamini. Lilipita yadi nzima, likagonga ukuta wa ukumbi, likarudi kutusalimia. Hakuna aliyecheka. Besi wenzangu tisa walitazama viatu vyao, na mimi nikatazama viatu vyao pia.

Mke wangu akainamisha kichwa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akakumbuka.

"Sauti hiyo naamka nayo kila siku," akasema. "Anakoroma hivyo hivyo."

Hapo ndipo watu thelathini walipocheka. Teno mmoja alilazimika kukaa chini. Shemeji alirudisha nyuma, akapiga tena, eti kuhakikisha.

Saa kumi na moja na dakika arobaini, mke wangu alituma rekodi ya kwanza, ya wale soprano wanaopanda. Akaenda kukaa garini kwetu peke yake. Nikafuata, nikasimama dirishani.

"Mume wangu," akaniita. Kwa adabu. Akiniita hivyo kwa adabu, huwa natafuta mlango. "Ulijua?"

Nikasema tangu Alhamisi.

Akasema Ooo si kitu, watu hukosea, na maneno yake ya Jumatano yalikuwa ya kutisha tu. Angenisimamisha nyuma ya yule besi mrefu, tukarekodi upya Ijumaa, kila mtu alikuwa na nafasi. "Ila nililia mbele yako kwa wimbo ambao nusu yake haipo. Na wewe ukaniangalia tu."

Mlio wa mkanda ulijibu kwa niaba yangu.

Jumapili, 9 Machi

Hukumu imetoka, juu ya chai. Tukifika fainali, sitaimba. Nitaendesha gari na kubeba viti. Prosesa itolewe garini, skrubu zote saba zirudi. Nimepata sita, ya saba nadhani iko ndani ya kiyoyozi, kinalia kama njuga.

Shemeji alipita kunijulia hali. Akasema hana kinyongo. Sasa hivi simu yake ikiita, ni Ooo yangu inayolia. Wamesambaziana kwaya nzima.

Kwa kuwa daftari hili ndilo pekee lisilocheka, niseme ukweli wa mambo. Nzi hakuwapo. Siku ya kurekodi, simu ilikuwa kwenye mfuko wangu wa shati, imezimwa sauti. Tulipofika pale pa kunyamaza ikatetemeka. Nikachungulia. Alikuwa yule mtu wa prosesa, anasema baiskeli ameikubali. Furaha ikanipanda kutoka tumboni, nikafungua mdomo, Ooo ikatoka. Haikuwa kuhesabu vibaya. Sikuwa nahesabu kabisa. Mke wangu alikuwa mbele yangu, mikono juu, anaomba kimya cha hesabu nne tu, na mimi nilikuwa nasoma habari za kijisanduku.

Hilo bado sijamwambia. Nitamwambia. Nitatafuta siku iliyotulia.

Kwa sasa kuna jambo la haraka zaidi. Matokeo yakitoka, kwaya itataka kusikiliza tena zile rekodi, na watasikilizia wapi kama si kwenye buti la shemeji? Kama ndugu, nimeamua kumzawadia prosesa yangu. Amekubali, ameguswa sana. Nitamfungia mwenyewe Jumatano, na kuipima nitaipima mwenyewe.

Nimeshapita kwa kinyozi. Amenihakikishia jenereta itakuwapo.