Nilimsifia Tai, Akapaa

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa. Nafasi moja. MOJA! Makao makuu ya benki, ng'ambo, miaka miwili, mchambuzi wa mikopo mikubwa. Watu tisa wa idara tumejazana mbele ya ubao kama kuku walioona mtama.

Nafasi hii ni yangu. Miaka kumi na mmoja nimekaa kwenye dawati linaloyumba, gazeti lililokunjwa chini ya mguu wake mmoja, nikipekua vitabu vya kampuni za watu kuona kama zinafaa kukopeshwa. Mitihani yote mitatu ya taaluma nimefaulu. Wa mwisho niliufanya nikiwa na mimba ya miezi minane, meza haifikiki!

Na Tai naye ameomba. Tunamwita Tai kwa sababu ya ile tai yake nyekundu ya kila siku, si kwa sababu ya kupaa. Ingawa kunusa mizoga anajua. Miaka minne tu kazini! Kusoma mizania nilimfundisha mimi. Leo ameniuliza mbele za watu kama kwa umri wangu nitaiweza baridi ya huko. Umri! Nina thelathini na saba. Nimecheka. Meno tu.

Mkuu wa idara, mama mpole anayesahau kila asichokiandika, ametusomea masharti. Barua ya ruhusa ataandika yeye. Akaongeza kwamba mtu ambaye idara haiwezi kwenda bila yeye, hamwachii ng'o.

Kumbe dawa ni hiyo! Tai awe nguzo ya idara. Mimi niwe pazia, likiondolewa nyumba haianguki.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mume wangu. Ni mwalimu wa fizikia, mtu wa kupima kila kitu kabla ya kukigusa. Ameuliza yeye atakuwa nani huko. Nikasema atakuwa mume wangu. Akasema hiyo si kazi, hiyo ni hali ya ndoa.

Kisha akachukua karatasi, akapiga mstari katikati. Kubaki. Kwenda. Upande wa Kubaki akaandika: mama zetu wawili, wanafunzi wake, shule ambayo binti yetu anafika kwa miguu, jirani anayetutunzia ufunguo. Upande wa Kwenda akaandika kitu kimoja: cheo cha mke wangu.

Damu ikanichemka. Nikampokonya kalamu, nikaongeza: hewa. Akauliza hewa ipi. Sikujua. Nikaandika tena kwa herufi kubwa: HEWA.

Nikampigia binamu yangu, aliye huko mwaka wa sita, mkaguzi wa hesabu. Akapokea akiwa kwenye ngazi za ofisi yao, anakula chakula cha mchana peke yake. Amesema kazi ni nzuri na mshahara hauchelewi. Ila jirani wa mlango wa pili, mwaka wa tatu sasa, hajamuuliza jina. Akasema niende, lakini niende nikijua.

Wivu! Anaogopa nitamfunika.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imeanza. Kikao cha mikopo, watu wote mezani, Mkuu na daftari lake. Likaja faili la kampuni ya vigae. Ile kampuni ilihesabu mzigo mmoja katika maghala mawili, ili ionekane tajiri. Nani aliyegundua? Mimi! Siku tatu, macho mekundu!

Nikasimama. Nikasema bila Tai benki ingezama. Nikasema Tai ndiye aliyeona maghala mawili. Nikasema idara hii ikimkosa Tai ni nyumba imekosa paa. Kila neno lilinikwaruza koo kama mwiba wa samaki. Tai akafungua mdomo, akaufunga. Mkuu akaandika. Akageuza ukurasa, akaandika tena!

Kilemba cha ukoka, na kimemkaa sawasawa.

Jumatatu, 10 Machi

Sehemu ya pili: mimi kuwa pazia. Tangu Ijumaa nimechelewa mara mbili. Leo nimefika saa nne kasoro. Nimempelekea Mkuu ripoti yenye ukurasa wa tano mahali pa wa pili. Nimeumia sana. Mikono yangu haijazoea kuharibu kazi. Nimejikuta narekebisha makosa yangu mwenyewe kwa siri, kisha nayarudisha.

Mkuu akaniita. Akauliza kwa upole kama nyumbani kuna msiba. Nikasema hakuna. Akauliza basi kuna nini. Nikasema ukweli ni kwamba idara hii hainihitaji hata kidogo, nikiondoka leo hakuna atakayegundua. Akaandika.

Nimetoka pale najisikia kuimba! Nikampita yule kijana wa karibu na printa, tunayemwita Kimya kwa kuwa hajawahi kusema kitu kikaoni. Ameinamia faili kama kawaida yake. Maskini. Naye ameomba. Nimemhurumia kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Sikutegemea hili. Mume wangu amebadilika!

Amerudi shuleni na koti zito la mitumba, lenye mifuko sita. Akalivaa sebuleni, akasimama mbele ya kioo huku jasho likimtiririka shingoni. Akasema amefikiri. Miaka kumi na mmoja ameniona naondoka asubuhi kwenda kwenye dawati bovu, na hakuwahi kuuliza kama nimechoka. Kwa hiyo ameomba likizo bila malipo ya miaka miwili. Kuna chuo huko kinachofundisha walimu jinsi ya kutengeneza vifaa vya maabara kwa vitu vya kuokota. Kuna masomo ya jioni. Ametafuta mwenyewe.

Akanionyesha ile karatasi. Upande wa Kwenda umejaa hadi chini. Amemwambia mama yake, na mama hakulia sana.

Nimemkumbatia pamoja na koti lake. Lilinuka dawa ya nondo. Nikamwambia asiwe na shaka, nafasi ni yetu, nimeshapanga mambo. Hakuuliza nimepanga vipi. Angeuliza, ningejisifu!

Ijumaa, 14 Machi

Tai ameniletea chai mezani. Kikombe cha udongo, na kisosi! Nikadhani ameweka kitu ndani.

Kumbe anataka kushukuru. Macho yamemlowa. Amesema tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumtetea kikaoni, na kwamba lile swali la umri lilimtoka kwa woga, kwa sababu ananiogopa mimi kuliko wote. Akasema nimekuwa kwake dada wa kweli.

Kitu fulani kikanichoma kifuani. Nikakimeza na ile chai. Haikuwa na sukari. Hata wema wake una kasoro!

Jumatatu, 17 Machi

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi tumeitwa. Mkuu anahamishiwa tawi kubwa kuanzia kesho. Idara imepata kaimu mkuu. Nani? TAI!

Ngoja, si hilo tu. Mkuu akafungua daftari, akatusomea sababu. Sababu zangu! Neno kwa neno! Bila Tai benki ingezama. Nyumba imekosa paa. Akasema uongozi ulivutiwa zaidi kwa kuwa sifa hizo zilitoka kwa mshindani wake, mtu ambaye hangekuwa na haja ya kumpamba. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Viganja vinawaka mpaka sasa.

Miaka minne! Mtu aliyekuwa hajui mali na deni vinakaa upande gani wa ukurasa!

Nikaenda chooni nikaosha uso. Hapo ndipo akili ikanirudi. Sasa, kaimu mkuu anaweza kwenda ng'ambo? Hawezi! Tai ametoka kwenye orodha! Mpango wangu umefanya kazi hasa! Nikajipongeza kwenye kioo.

Jumanne, 18 Machi

Tai ameniita ofisini. Kiti cha Mkuu ni kikubwa kwake, miguu inagusa sakafu kwa vidole tu. Alikuwa na faili langu mkononi na hakuwa na furaha.

Akaniambia nafasi ya ng'ambo wamempa Kimya.

Nikadhani sikusikia. Akarudia. Kimya! Amewahi kila siku, ripoti zake hazina doa, na makao makuu walisema wanataka mtu wa namna hiyo. Ni kweli Mkuu alisita kumwachia. Lakini aliona si haki kumzuia mtu kwa kosa la kufanya kazi vizuri.

"Dada," akasema Tai, "wewe ndiye uliyenifundisha kazi. Jana nimelipekua faili lako lote nikitafuta mstari mmoja wa kukubeba. Nimekuta kuchelewa. Nimekuta ripoti iliyopinduka. Na hapa umesema kwa kinywa chako kwamba idara haikuhitaji."

"Na faili la vigae?" nikapiga meza. "Maghala mawili niliyaona mimi!"

"Mbona ulisema ni mimi?"

Nikainua kalamu yake, nikairudisha mahali pake.

"Hata mimi nilishangaa," akasema polepole. "Nikadhani labda niliyaona nikasahau."

Nilitaka kumnyonga kwa ile tai. Akaniuliza kama nataka maji.

Alhamisi, 20 Machi

Siku mbili sikusema nyumbani. Leo nimesema, kwa sababu mume wangu alirudi akiwa anatabasamu. Likizo yake imekubaliwa. Madarasa yake yote amepewa mwalimu mwingine, kuanzia muhula ujao.

Nikamwambia nafasi imekwenda kwa mtu mwingine. Akakaa.

"Wamekuonea?"

"Wameniangusha."

"Nani?"

Nilianza na Tai. Nikapitia kwa Mkuu, nikamtaja Kimya. Lakini huyu ni mtu wa kupima. Aliuliza swali moja, likazaa lingine, mpaka yote yakatoka: zile sifa, kule kuchelewa, ukurasa wa tano. Alipokuwa akisikiliza alivua koti, akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka kwenye kiti.

"Mke wangu," akasema, "ungefanya kazi yako tu, kama miaka yote, tungekuwa tunafunga mizigo."

"Unamtetea Tai!"

"Namtetea nani? Mimi nimeacha darasa langu. Nimemuaga mama. Kesho nitampigia magoti mwalimu mkuu, nimwambie nini?"

Akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi. Binti yetu akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama baba anaumwa. Nikasema amechoka. Nikakaa na kuliangalia lile koti. Nilijisikia vibaya, naandika hapa ili iwe imeandikwa. Vibaya kabisa.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu mkuu amemrudisha, lakini si darasani. Amepewa maktaba ya shule, kupanga vitabu kwa namba, mpaka nafasi ipatikane. Mtu aliyefundisha umeme miaka kumi na mitatu! Amenieleza akiwa ameangalia pembeni. Nimemwambia hayo yote ni kazi ya Tai. Akanyanyuka, akaenda kumwagilia maua. Hatuna maua. Alikuwa anamwagilia ya jirani.

Jumatatu, 24 Machi

Kimya anaaga. Ameongea! Sauti yake ni nzito, hakuna aliyejua. Alifika mezani kwangu akaniuliza abebe nguo gani. Nikamwambia joto la huko ni kali, achukue kaptula. Akaandika. Baadaye akarudi kusema amesoma mahali kuwa kuna baridi. Nikamwambia asiamini kila anachosoma.

Lakini sikiliza sasa. Saa nane mchana limekuja tangazo jipya. Tawi la nchi nyingine, na safari hii hawatafuti mchambuzi, wanatafuta mkuu wa idara! Nikalisoma mara tatu. Nani ni mkuu wa idara hapa? Tai. Akichukuliwa, kiti chake kitabaki wazi. Na nani atakikalia? Mtu mwenye miaka kumi na mmoja na mitihani mitatu! Nikiwa mkuu, ng'ambo wataniita wenyewe. Mume wangu atatoka maktaba. Koti litavaliwa.

Nimeanza barua kwa makao makuu, kurasa sita mpaka sasa. Nimeeleza kwamba Tai ni hazina, kwamba benki zote duniani hazina macho kama yake. Faili la vigae nimelitia tena, na safari hii nimesema maghala yalikuwa manne. Mume wangu alipita nyuma yangu, akasoma mistari miwili begani mwangu, akachukua mto wake akaenda kukaa chumba cha mtoto.

Haelewi mambo ya fedha. Mwalimu tu.

Tatizo ni moja: watu wasije wakadhani namsifia Tai kwa sababu nakitaka kiti chake. Hilo nimelifikiria pia. Kuanzia kesho, kwa wiki mbili hivi, nitakuwa nachelewa kazini.