Mondo wa kwa Shemeji Symphorien

Jumapili, tarehe 3 Novemba

Misa ndefu. Mahubiri juu ya unyenyekevu. Nilimwangalia shemeji Symphorien toka mwanzo mpaka mwisho. Hakusikia kitu.

Tulipotoka, pale pale mbele ya kanisa, akatangaza mupango wa ndoa ya binti yake Astrid. Nani atapokea wageni. Nani atasema kwa niaba ya familia. Na mimi Faustin, bwana ya dada yake, niliyezeekea ndani ya mashimo ya dhahabu ya Omate? Nitagawa kasiksi, pombe ya ndizi! Nitazunguka na mitungi kama kijana wa jana!

Nikasema kwamba mimi pia ninaweza kusema siku hiyo. Akajibu kwamba musemaji wa familia lazima awe muntu mwenye kitu. Watu wakaangalia chini. Wengine hawakuangalia chini, walicheka.

Ni kweli, kutoka Omate nilirudi na kikohozi na redio, basi. Ni kweli, shamba ninalolima maharagwe ni la baba ya muke wangu na Symphorien. Lakini lazima aseme mbele ya kanisa?

Habari njema: mondo anamaliza kuku za Symphorien. Zile za ndoa. Ni paka mukubwa wa madoa, miguu mirefu. Anakuja alfajiri, anabeba moja, anakwenda. Symphorien anatafuta muntu wa kumukamata. Nitamukamata mimi. Lakini ngozi simupi! Nitashonesha kofia. Siku ya ndoa nitaingia na madoa kichwani kama wazee wa zamani. Tuone nani atanipa mutungi.


Jumatatu, tarehe 4 Novemba

Symphorien ametega na utumbo wa mbuzi. Utumbo! Mbwa wote wa kilima wamekula wakashiba. Mondo hata hakusimama kuangalia.

Mimi siweki chambo. Kule Omate tulikuwa na muzee mumoja wa Walikale, Élie, fundi wa mitego. Alikuwa anatuambia: "Nyama ya pori iko kama mwenye kwenda soko. Iko na njia yake. Angaliya njia tu, usimuite." Nilimusikiliza vizuri. Karibu yote. Kuna sehemu nililala.

Leo nimetafuta njia. Kwenye bonde, kandokando ya kijito, majani yamelala mustari mumoja. Unyayo kwenye tope. Halafu tundu katika lupango ya Symphorien, ule ua wa miti na miiba, na nywele fupi za manjano zimeshikwa kwenye miiba. Nilipiga magoti nikazinusa.

Muke wangu Libérata akapita na jembe. Akaniuliza kama ninasali. Nikamuambia hii ni kazi ya akili. Akasema maharagwe pia yanangoja akili, magugu yameyapita urefu.

Haoni mbali.


Jumanne, tarehe 5 Novemba

Nimetega kwenye tundu. Waya ya freni, ile breki ya pikipiki, kitanzi wazi, vijiti huku na huku ili mondo asipite pembeni. Kazi safi. Nikajificha ndani ya mihogo.

Mutego ukashika! Kelele, tope, miti inatikisika! Nikaruka na panga. Lo! Ni Commandant, mbwa ya Symphorien. Amekamatwa kiuno, analia kama muntu.

Symphorien akatokea. Na hakuwa peke yake. Alikuwa na wakwe wa Astrid, waliokuja kupanga mambo ya ndoa. Wakanikuta nimesimama juu ya mbwa na panga mukononi. Nikaeleza. Haraka sana nikaeleza. Muzee wao akauliza kama ni huyu njo atasema siku ya ndoa. Symphorien akamuhakikishia kwamba hapana.

Nikamufungua Commandant. Akaniuma. Mimi, niliyemufungua!


Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Muguu unauma. Libérata ameniosha kwa maji ya chumvi, akanifunga kitambaa. Ninapenda akinyamaza, lakini kuna kunyamaza na kunyamaza.

Nimehamisha mutego. Sasa uko juu ya gogo linalovuka kijito. Élie alikuwa anasema nyama hapendi kulowesha miguu: penye gogo, lazima apite. Kweli kabisa. Nilisahau tu kwamba watu pia hawapendi kulowesha miguu.

Libérata alikuwa anatoka kuchota, bidoni ya maji mugongoni. Kitanzi kikamushika kifundo cha muguu. Akaanguka ndani ya kijito, yeye na bidoni. Nilimukuta ameketi kwenye mawe, maji yanampita kifuani. Nikamuuliza kama waya haikukatika. Kuuliza hivyo si ubaya. Waya ni moja tu, siko na ingine.

Akaniangalia. Akasema, akiniita kwa jina la mutoto wetu: "Papa Yves, haukuniambia kama umetega hapa."

Nikamujibu kwamba mutego ukitangazwa si mutego tena.


Ijumaa, tarehe 8 Novemba

Kifundo chake kimevimba kama kiazi. Kwa hiyo mimi njo ninachota maji. Mwanaume na bidoni! Wanawake kwenye chemchemi walinipisha mbele, eti heshima ya wagonjwa. Mumoja akaniomba nimubebee na yake.

Lakini bidoni ina faida, inainamisha kichwa, mawazo yanashuka. Shida ni kwamba mondo iko na njia nyingi. Nikizifunga zote, atabaki na ile yangu.

Siku nzima nimekata miiba. Nimeziba matundu yote ya lupango ya Symphorien. Nimeziba kwenye matete, nimeziba kwenye gogo. Nimeacha nafasi moja tu, nyuma ya jiko letu, na waya ndani yake.

Libérata, amelala kwenye mukeka, akaniuliza njia ile inaenda wapi baada ya waya. Nikamuambia haiendi popote, inaishia kwenye waya.

"Na akiruka?"

Nikamuambia apumuzishe muguu.


Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Akaruka.

Baada ya waya kuna kibanda cha kuku za Libérata. Alizilea tangu vifaranga, mvua ikinyesha anazifunika na beseni. Alitaka kuzipeleka Sake kwa mutoto wetu Yves, ambaye muke wake amezaa juzi. Amebaki kuku mumoja, yule wa madoadoa anayelala juu ya nyumba kama mwenda wazimu.

Libérata aliokota manyoya, kuruka na muguu mumoja, kuinama, kuokota. Nikatafuta neno la kumutuliza. Nikamuambia mondo anayekula hivi lazima awe mukubwa, ngozi itakuwa pana. Akaingia ndani.

Na kuku za Symphorien? Nzima zote! Alikuja mwenyewe kunishukuru kwa kumuzibia lupango. Kunishukuru! Mbele ya muke wangu!


Jumatatu, tarehe 11 Novemba

NIMEMUKAMATA.

Nilikuwa nimeinua kitanzi juu kidogo. Asubuhi, yuko pale. Amelala kwenye majani, waya kifuani, macho ya manjano wazi. Masikio makubwa. Madoa, madoa, madoa! Nilisikia mwili wangu wote umekuwa kijana.

Ningemumaliza pale pale. Lakini bila mushahidi? Symphorien atasema niliokota maiti njiani. Nikavaa koti la Misa. Nikaenda kwake. Muzee wa wakwe alikuwa amelala hapo, vizuri zaidi. Nikamuita na Noël, mukatekista. Walikuwa wanakunywa chai, nikawangoja wamalize, ni adabu. Njiani nikawatolea hotuba kidogo juu ya njia za wanyama na maisha ya binadamu.

Tukafika. Waya. Kitanzi wazi. Nywele kidogo.

Commandant akanusa mahali pale, akalala. Symphorien akamuomba mukatekista aniweke kwenye sala za wagonjwa. Muzee wa wakwe hakucheka. Alinionea huruma, na hiyo iliniuma zaidi.

Halafu sauti kwenye mulango wa jiko. Libérata, ameegemea jembe.

"Ni miye nilimufungua. Nilimufunika na kikwembe, nikalegeza waya. Iko mama. Maziwa ilikuwa inatoka."

Nikapiga kelele. Nikamuuliza kama amesahau nani alimaliza kuku zake.

"Sikusahau. Ye alizikula juu ya kulisha watoto wake," akasema. "We ulizikulisha juu ya kutaka kofia."

Noël akavua kofia yake, sijui kwa nini. Symphorien naye akaacha kucheka, akaangalia muguu wa dada yake, akaniangalia mimi.

Nani alimuambia habari ya kofia? Sikumuambia muntu. Kumbe ninasema usingizini.


Jumanne, tarehe 12 Novemba

Libérata amekwenda Sake, kwa Yves. Symphorien njo alimulipia pikipiki, bila shaka. Kila kitu yeye.

Alifunga vikwembe vyake katika mufuko mumoja. Kabla ya kupanda alisimama kidogo, mukono juu ya kiti. Nafikiri alikuwa anangoja nimushikie mufuko. Nilikuwa ninapima waya, pale ilipokunjika. Nilipoinua kichwa, nikaona moshi tu.

Nyumba kimya. Maharagwe niliyopika hayana ladha. Sijui chumvi anaiweka wapi.


Jumamosi, tarehe 16 Novemba

Nimerudi kutoka Sake.

Ni Noël aliyenishauri niende. Alisema nibebe kitu, na niseme neno moja tu. Hata neno lenyewe alinipa. Nikabeba yule kuku wa madoadoa kwapani, nikapanda lori la mihogo. Njia nzima, mabonde kwa milima, nilikuwa nasema lile neno polepole. Wenzangu kwenye lori walifikiri ninasali rozari.

Nikasimama pale barabara za Goma, Masisi na Minova zinapokutana. Kila mwenye kwenda soko anapita hapo. Nikangoja.

Mbele yangu kulikuwa muuza vipuri vya pikipiki. Waya za freni zinaning'inia. Mupya! Nene! Zimesokotwa vizuri, zinang'aa. Mimi niliangalia tu. Naye akamuangalia kuku tu.

Libérata akaja. Anachechemea, mujukuu mugongoni. Aliniona toka mbali, na ninaapa, aliongeza mwendo. Uso wake ulikuwa umefunguka, kama siku zile nilipokuwa narudi kutoka Omate na alikuwa bado hajauliza nimeleta nini.

Akafika. Akaangalia mikono yangu. Halafu akaangalia chini ya meza ya muuza vipuri. Kuku wake wa madoadoa, amefungwa miguu.

Akauliza polepole: "Papa Yves, ulikuya kufanya nini?"

Nikalitafuta lile neno. Nilikuwa nalo njia nzima! Halikuja. Nikamuonyesha waya mupya. Nikamueleza kwamba hii, hata muntu hawezi kuilegeza.

Akageuka akakwenda. Hakukasirika, hakulia. Alikwenda tu. Mujukuu aliniangalia kutoka mugongoni mpaka watu wakawafunika.

Wanawake! Hujui wanataka nini.

Lori la kurudi lilikwama kwenye tope, tukashuka kulisukuma. Pale kando, kwenye majani, nimeona njia nzuri kabisa, imelala mustari mumoja, na unyayo mukubwa kuliko wa kwanza. Ndoa ya Astrid ni Jumamosi ijayo. Bado kuna wakati.