Endelea, Nakusikiliza

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezindua rasmi msimu wa pili wa Nyanja Zote, podikasti inayohoji watu wa kila fani. Msimu wa kwanza ulikuwa na wasikilizaji kumi na mmoja. Mmoja ni mimi, mwingine ni mimi kwa simu ya ofisini. Haidhuru.

Studio imekamilika. Ni ile stoo iliyo kati ya jiko na bafu. Godoro la wageni nimeliegemeza ukutani, mlangoni nimetundika blanketi, na friji nimelichomoa kwa sababu linanguruma. Sauti safi kabisa! Nilikuwa nimevaa hedifoni, najirekodi nikijikaribisha, mke wangu akafunua blanketi. Akasema mambo ya uhamisho, na cheo, na mji mwingine, na kwamba kazini wanataka jibu kufikia Ijumaa. Nikamwinulia kidole gumba, nikamwambia, "Endelea, nakusikiliza."

Hiyo ndiyo kaulimbiu ya kipindi. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Alisimama kidogo, kisha akaondoka. Sijui ni nani huyo anayehamishwa. Mtu wa ofisini kwao, nadhani.

Baadaye: maziwa yote yamechacha. Nilisahau kuchomeka friji.

Jumanne, 4 Machi

Mgeni wa kwanza, daktari wa meno. Nilijiandaa vya kutosha. Nikamuuliza kuhusu fizi, nikaona anachelewa kujibu, nikamsaidia. Nikaingia kwenye magego. Nikasimulia jino langu lililong'olewa utotoni, na jinsi nilivyokuwa jasiri. Mwishoni daktari akasema amezoea kukaa mbele ya watu walioachama midomo, ila hajawahi kuona wa namna yangu. Sifa kutoka kwa mtaalamu, hiyo.

Mke wangu ndiye anayenihariria kipindi akitoka kazini. Akasikiliza chote, akavua hedifoni, akasema mgeni ametamka mambo matatu tu: ndiyo, hapana, na naomba maji. Eti mimi sihoji, nahubiri. Nikamweleza kwamba huo ni mtindo. Akashusha pumzi, akasema tuna jambo la kuzungumza kabla ya Ijumaa. Nikamwambia Ijumaa sina mgeni, anaweza kujipangia saa.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe Kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye ana podikasti! Anaitundika simu kwenye kioo, ananyoa, anarekodi. Mashine inavuma mwanzo hadi mwisho. Na yeye anasema nini? "Ehe." Akichangamka sana, "Ikawaje?" Basi. Maelfu wanamsikiliza. Usiku sikupata usingizi kwa wivu, nakiri.

Nikaenda kupeleleza, nikajitia nataka kupunguzwa nywele. Akaniuliza tu habari za kazi. Nikamweleza kwamba kesho nina rubani mstaafu, na kwamba natafuta mwanasayansi kwa udi na uvumba. Kila nilipogeuka kumfafanulia jambo, mashine ilipita pasipotakiwa. Nimerudi nyumbani na kipara cha upande mmoja.

Lakini siri yake nimeinasa. Ni kile kiti! Kinapanda, kinashuka, kinalala. Mtu akikaa pale hana ujanja, lazima aseme.

Alhamisi, 6 Machi

Rubani hakutokea. Nimemsubiri studio, friji limechomolewa, blanketi limeshushwa, najikaanga kwa joto. Kufungua simu, namsikia kwa Kinyozi, anasimulia alivyotua na injini moja. "Ehe," anasema yule mwizi. "Ikawaje?"

Nikavuka barabara, nikamfokea mbele ya wateja wake. Nikamwita mdandiaji wa wageni wa watu. Yeye akauliza tu kama nataka asawazishe ule upande wa pili. Watu wakacheka. Nimetoka pale uso umenishuka.

Nikahamia kwenye suala la kiti. Daktari wa meno ana kile chake cha zamani, kimelala uani kwake. Nikamwomba aniazime. Alikubali haraka, kwa sharti kwamba nisimwalike tena. Vijana wanne wamekibeba. Kimeingia stoo, ila sasa mlango haufungi, na mtu akitaka kwenda bafuni inabidi akipande.

Mke wangu alirudi kutoka kazini akakikuta. Hakugombana. Alisimama upande wa pili akasema, "Kesho asubuhi natoa jibu. Ukisema nibaki, tutazungumza. Ukisema twende wote, tutakwenda wote. Sema neno moja tu, mume wangu."

Nilikuwa chini ya kiti natafuta pedali. Nikamwambia, "Endelea, nakusikiliza." Pedali ikaitika, kiti kikaruka juu na kuangusha maiki.

Alipanda kiti, akavuka, akaenda kuoga.

Ijumaa, 7 Machi

Kinyozi kapata mwanasayansi. Wangu mimi!

Nikavaa hedifoni kwa kinyongo. Sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu anayejua anachosema. Anafanya kazi maabara ya maji. Alisimulia siku alipogoma kuidhinisha tangi jipya wakati wakubwa wamekwisha kuja na mkasi wa kukata utepe, akawarudisha na mkasi wao. Nilicheka peke yangu. Nikaandika pembeni: huyu ndiye mgeni niliyemtafuta miaka yote, apatikane kwa gharama yoyote.

Kisha akakohoa. Kikohozi hicho nakijua. Nimelala nacho miaka tisa.

Mke wangu! Alikwenda pale kuomba radhi kwa zile kelele zangu za jana, Kinyozi akamvutia kiti, akasema "ehe". Na yeye akaeleza. Kwamba amepewa kuongoza maabara ya mji mwingine. Kwamba asubuhi ya leo amekubali. Kwamba gari la ofisi linamfuata Jumapili saa nne. Kinyozi akamuuliza mumewe anasemaje.

"Hajaniuliza," akasema.

Kinyozi akazima mashine. Kwa mara ya kwanza kipindi chake kilikuwa kimya kabisa. Nami nilikuwa nimeketi sakafuni nimeegemea godoro. Naogopa. Nyumba hii bila yeye siiwezi, hata friji silikumbuki. Isitoshe, habari kubwa kama hiyo imetoka kwenye kipindi cha mwenzangu.

Jumapili, 9 Machi

Jana nimemwangukia. Nikamwomba mahojiano kabla hajaondoka, hata ya dakika chache. Alifikiri sana, akakubali. Nilipopita chumbani nikaliona begi kubwa kitandani, limefunguliwa. Upande mmoja nguo zake. Upande wa pili mtupu.

Mimi si mjinga. Nilielewa. Nikaandika swali kwenye kiganja lisinipotee: Unataka twende wote? Maneno matatu. Nilikuwa na mashati yangu tayari nimeyakunja.

Leo saa tatu na nusu akapanda kile kiti, pochi mapajani. Akasema, "Niulize swali moja. Halafu unyamaze nikujibu." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikachomoa friji, nikawasha maiki, nikakohoa.

Lakini swali zito kama lile huwezi kumtupia mtu hivihivi, linahitaji utangulizi. Nikaanza na umuhimu wa maji kwa binadamu. Nikaja kwenye ndoa, nikaifananisha na maji. Nikafumba macho, maana nikifumba ndipo maneno yanapokuja. Nikasema mambo ambayo sijawahi kumwambia, mazuri mno, mwenyewe nilitokwa na machozi. Mahali fulani gari lilipiga honi. Nikapandisha sauti ili isisikike.

Nilipofumbua macho nisome kiganja, kiti kilikuwa kitupu. Jasho lilikuwa limefuta wino. Chumbani begi halipo. Mashati yangu yapo, yamekunjwa vilevile.

Nimelia. Kisha nikasikiliza tulichorekodi, nisikie sauti yake. Yapo maneno yake machache: "Haya, ubaki salama." Halafu mlango wa mbele unafungwa. Halafu mimi, naendelea.

Ila lazima niseme ukweli: sauti imetulia, hoja zimepangika, na mgeni hajanikatiza hata mara moja. Sijawahi kutoa kipindi kizuri kama hiki! Kasoro ni ule mlango tu, umebamizwa pale nilipofikia pazuri. Nimemtumia huko njiani ili aufute, na nikamwambia nina neno moja sikuwahi kulifikia.

Amejibu sasa hivi. Ameandika: "Ehe?"

Moyo umeruka. Bado ananisikiliza! Nimevaa hedifoni, namrekodia jibu. Hili nalitoa kwa utaratibu, nisiharibu.

Saa mbili usiku. Nimemaliza sehemu ya kwanza ya utangulizi. Maziwa yamechacha tena.