Maombi ya Dakika Nne na Mkono wa Trésor

Ndugu zangu wa grupu, leo nimeaibika. Tena nimeaibika nikiwa nimefumba macho, mikono nimeinua, ninaomba.

Nawaandikia mimi mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine. (Kulikuwa na wanafunzi watano kwenye benchi, na kila mmoja ana simu.)

Mnajua kwamba nina miaka hamsini na tisa na bado niko shuleni. Nilipoanza masomo ya labo, wengine wenu mlicheka. Mlisema, "Tata Mado, umefundisha dini miaka thelathini, sasa unataka kuchunguza mikojo ya watu?" Ndiyo, nataka. Mimi ni mzee wa kanisa, nimeketi kando ya vitanda vingi vya wagonjwa, na kila homa tuliiita malaria. Mama Veronika, jirani yetu, alipewa dawa ya malaria mara tatu, na mara tatu nilimwombea apone malaria. Kumbe ilikuwa tifoidi! Mungu alimponya, namshukuru, lakini mimi niliona haya. Nikajiambia: kuomba nitaendelea, ila sasa nataka kujua ninaombea nini.

Dispensari yetu ya kanisa nayo mnaijua. Mikroskopu ipo. Imefunikwa kwa kitambaa cha zamani cha madhabahu tangu yule fundi wa labo alipoitwa na kampuni ya mgodi akaenda bila kugeuka nyuma. (Simlaumu. Ana watoto.) Baraza la wazee lilisema atakayeleta cheti cha labo atapewa ufunguo wa kile chumba. Ufunguo huo naufuata mwaka wa tatu sasa.

Mambo ya daftari nilishinda yote. Nilianguka kwenye kutoa damu. Katika mtihani wa kwanza nilimchoma mama mmoja mara mbili, mshipa ukanikimbia mara mbili, na yule mama akanikimbia mara moja. Leo ilikuwa marudio. Ukianguka kwenye marudio, unarudia mwaka mzima, na kwa umri wangu mwaka mzima si kitu cha kutupa.

Basi nilijizoeza. Ile kamba ya mpira inayofungwa juu ya kiwiko ili mshipa usimame, sisi tunaiita garo. Niliifunga kwenye mguu wa meza. Niliifunga kwenye mkono wa kiti. Nilimfunga Mama Mado, mke wangu, akiwa anachagua maharagwe, mpaka akanifokea: "Mi niko bibi yako, siko mufuko ya makala!" (Mfuko wa makaa nao ungelalamika.)

Leo asubuhi, akinimiminia chai, Mama Mado alinipa neno moja tu.

"Tata Mado, leo uombe kwa kifupi."

"Mama, mtu hafupishi shukrani."

"Bukari inapoaka. Ku harusi ya Mado, batu balikula mchele baridi."

(Ni kweli. Ugali hupoa, na siku ile ya mtoto wetu Mado nilianza kuomba mvuke ukipanda kutoka kwenye sahani. Niliposema amina, nzi walikuwa wamekwisha kula.)

Nikatia koti langu jeupe kwenye mfuko wa plastiki, kwa ajili ya vumbi la malori, nikapanda pikipiki ya taxi-moto hadi hospitali ya mtihani, huku Manika. Nilifika wa kwanza. Nikavaa koti. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Nilipendeza. (Hilo pia namwomba Mungu anisamehe.)

Sasa sikieni vizuri jambo hili. Mkuu wa jury, yaani wale wanaotusahihisha, ni Dokta Clarisse, na Dokta Clarisse nilimfundisha mwenyewe, kule Sandoa, darasa la tano. Darasani mwangu sheria ilikuwa moja: anayefungua macho wakati wa maombi anapiga magoti mpaka saa ya mapumziko. Clarisse alipiga magoti mara nyingi. Alikuwa na macho ya kuchungulia, mtoto yule. Leo akanisalimu kwa heshima, lakini uso umefungwa.

"Mwalimu, jambo yako. Hapa siko mutoto yako. Sitakupa hata nukta moja ya bure."

"Usinipe, Dokta. Nimekuja kuitafuta mwenyewe."

Kando yake aliketi Monsieur Ilunga, mtunza wakati, na saa yake ya kuhesabu sekunde. Nyuma, kwenye benchi, wale wanafunzi watano, umri wa wajukuu zangu, wakisubiri zamu yao. Mgonjwa niliyepewa ni kijana mmoja, Trésor, mchimbaji wa shaba na cobalt, mabega kama mlango. Alikuwa na homa siku tatu, na alitaka apimwe haraka arudi kwenye shimo. Akanitazama kichwani.

"Dokta ni huyu muzee?"

"Si Dokta, mwanangu. Mimi ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi? Na mvi yote hii?"

"Mvi inasoma vizuri. Haitoroki shule."

Benchi likacheka. Mimi nikaanza kazi kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Nikauliza jina, nikaliandika kwenye kichupa. Nikanawa. Nikavaa glavu. Nikafunga garo. Nililikaza kabisa, kwa sababu mshipa wa mara ya kwanza ulinitoroka, na wa leo sikutaka upate hata njia ya panya.

"Eh, tata! Kamba ya namna hii sisi tunafungaka nayo mifuko ya cobalt!"

"Vumilia kidogo. Kunja ngumi."

Akakunja. Na mshipa ukaja! Ndugu zangu, sijawahi kuona mshipa wa namna ile. Ulisimama kama kamba ya kuanikia nguo. Hata mimi, bila miwani, ningeuona. Nilikumbuka yule mama aliyenikimbia, nikakumbuka mguu wa meza, nikakumbuka kile chumba kilichofungwa. Na ninyi mnanijua. Nikiona neema siwezi kunyamaza.

Nikainua mikono. Nikasema, "Tuombe."

Kwetu hapa, mzee akisema tuombe, nani anabaki na macho wazi? Wanafunzi wakainamisha vichwa. Monsieur Ilunga akavua kofia, akafumba, kidole gumba juu ya saa. Na Dokta Clarisse, mkuu wa jury, akafumba macho yake kabisa kabisa. Katika chumba kizima macho mawili tu yalibaki wazi, ya Trésor mwenyewe, na yalikuwa yakiangalia mkono wake.

Nilishukuru kwa ajili ya mshipa. Nilishukuru kwa ajili ya yeye aliyeuumba. Nikapita kwa walimu wangu, mmoja mmoja. Nikapita kwa hospitali na mlinzi wa mlango. Nikaingia kwa wachimbaji wote, walio juu na walio chini ya ardhi.

"Tata," akasema Trésor, polepole.

"Na kijana huyu, Bwana..."

"Tata, mukono."

"Ndiyo, Bwana, na mkono wake! Ubariki mkono huu unaotafuta mkate..."

"Tata, minasikia mukono inakufa!"

"Wewe unayeponya mikono iliyokufa, Baba! Tunakushukuru!"

"Amina!" likajibu benchi.

"Amina!" akajibu Dokta Clarisse.

Nilidhani kijana ameguswa na Roho. Naapa mbele yenu, nilifurahi. Nikasema moyoni, tazama, mchimbaji huyu anaitikia maombi vizuri kuliko kwaya yetu. Nikaongeza sauti. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika kwa wajane, Trésor alipopiga kelele iliyotikisa vichupa:

"TATA! SEMA AMINA!"

"Amina," nikasema. (Ningefanya nini? Aliamuru.)

Nikafungua macho.

Mkono wa Trésor ulikuwa rangi ya bilinganya. Vidole vimevimba. Ameushika kwa mkono wake mwingine, ameuinua mbele ya uso wangu kama mtu aliyeokota kitu njiani na anamtafuta mwenye kitu. Monsieur Ilunga akafungua jicho moja, akaangalia saa, akaangalia mkono, akarudi kwenye saa.

"Dakika ine," akasema. "Na sekunde kumi."

Garo halipiti dakika moja. Hilo najua. Hilo niliandika mwenyewe kwenye mtihani wa daftari, nikapewa alama zote! Nikarukia kufungua. Kwa haraka nikavuta ncha isiyo yenyewe. Garo likakaza zaidi.

"Unaniua! Ee mama, muzee ananiua na Mungu yake!"

Dokta Clarisse akainuka, akaja, akalifungua kwa kidole kimoja. Kimoja! Mwanafunzi mmoja alikuwa ameanguka chini ya benchi kwa kicheko. Mimi nilisimama na glavu zangu, jasho likinitiririka mpaka ndani ya viatu, nikauliza swali ambalo sikupaswa kuuliza.

"Dokta, kwa nini hukunisimamisha?"

Akaangalia sakafu. Akasema kwa sauti ya darasa la tano, "Mwalimu, nilifumba macho."

"Kwa muda wote ule?"

"Niliogopa kupiga magoti."

Hapo ndipo kila mtu alipopasuka. Monsieur Ilunga alijifuta machozi kwa kofia. Dokta mwenyewe aligeukia ukutani, mabega yakitetemeka. Na mimi nikaelewa kwamba tangu darasa la tano nilimfundisha msahihishaji wangu asinione.

Lakini alipogeuka, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Alama ya garo imeenda, Mwalimu. Sifuri. Unabaki na dakika kumi. Kama mgonjwa anakubali, utajaribu mukono ule mwingine. Kama anakatala, tunafunga."

Trésor alikwisha kuuficha ule mwingine nyuma ya mgongo.

"Hapana. Hii iko ya kushikia nyundo. Mi nachimba cuivre, wewe unakuja kuchimba mu mukono yangu?"

Alikuwa na haki. Ningeweza kuvua koti pale pale, nikaenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Nawaambia ukweli, miguu iliuliza. Sikuijibu. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya kijana, nikaushika ule mkono nilioutesa, nikausugua taratibu mpaka rangi yake ikarudi.

"Mwanangu, nisamehe. Nilifurahi kupita kiasi, nikakusahau wewe niliyekuwa nashukuru kwa ajili yako."

Akauliza, "Nikikatala, unarudia mwaka?"

"Ninarudia."

"Kweli? Na hii mvi?"

"Ninarudia. Nikianguka tena, nitarudia tena. Kuna chumba kimefungwa kule kanisani kwetu, na watu wenye homa wanapita mbele ya mlango wake kila siku."

Akaanza kucheka, kidogo, kwa pua.

"Huyu muzee iko na kichwa nguvu kama lile jiwe ya chini, lile linavunjaka nyundo." Akautoa ule mkono nyuma ya mgongo, akauweka mezani. "Fanya. Lakini maombi, leo naomba mi."

"Omba, mwanangu."

Nikapanga vitu vyote kwanza: kichupa, sindano, pamba. Garo likabaki mezani, mbali nasi wote. Trésor akafumba jicho moja. (La pili lililinda mkono.)

"Mungu, shika mukono ya muzee. Amina."

"Sekunde tatu," akasema Monsieur Ilunga.

Nikafunga garo, safari hii kwa kiasi. Mshipa ukaja. Nikachoma. Damu ikaingia kwenye kichupa, nyekundu, tulivu, mara ya kwanza! Nikafungua garo, nikatoa sindano, nikabana pamba. Koo langu lilikuwa limejaa haleluya. Nikauma ulimi.

Kumi na moja juu ya ishirini. Nimepita! Kwenye karatasi Dokta Clarisse ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kuchoma: vizuri. Garo: sifuri. Maombi: marefu." Nitaiweka karatasi hiyo kwenye fremu, ila nitaitundika chumba cha kulala, siyo sebuleni.

Na homa ya Trésor? Niliitafuta mwenyewe chini ya mikroskopu, Dokta akaja akahakikisha nyuma yangu. Ilikuwa malaria, ya kweli, nimeiona kwa macho yangu haya. Alipotoka na dawa yake nikamshika bega mlangoni, nikasema, "Mungu, mponye Trésor haraka. Amina." Maneno matano. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na vidole vyote vilikuwa vinafanya kazi.

Nyumbani Mama Mado alinisubiri mlangoni.

"Umepita?"

"Nimepita."

Akapiga vigelegele, akanikumbatia, koti jeupe na vumbi vyote. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Uliomba kwa kifupi?"

Nikaomba maji ya kunywa.

Ndugu zangu, Jumapili napewa ufunguo, na tangu leo sheria yangu ni moja: kwanza amina, halafu garo. Msinicheke. Na asiyeweza kujizuia acheke leo leo amalize, kwa maana siku homa itakapomshika, mkono wake utakuja mezani kwangu, na mimi kukaza najua.